Siku Arubaini za Ujana wa Umulkheir

Umulkheir binti Bakr alipewa habari za uzee wake na karatasi. Ilikuwa imebandikwa ukutani kwenye ofisi ya chifu, ikieleza kwamba mradi mpya wa serikali wa kuwainua vijana unawahusu watu wa miaka kumi na minane hadi thelathini na mitano, asizidi mtu hata kwa siku moja. Umulkheir alisimama mbele yake na kikapu cha samaki mkononi, akahesabu kwa vidole, akarudia, na mara zote mbili akapata jibu lile lile. Alikuwa amebakiwa na siku arubaini za ujana.

Alipofika nyumbani alimweleza mamake. Bi Esha hakushtuka. Alisema kwamba yeye ujana wake ulimwisha siku alipozaa mtoto wa kwanza, tena hakuna aliyekuja kumbandikia karatasi, kwa hiyo serikali ya siku hizi ni ya upole kuliko watu wanavyoisema. Kisha akauliza kama samaki ni wabichi.

Umulkheir alikuwa mshonaji wa kofia za vito, zile zinazotobolewa tundu ndogo ndogo na kila tundu kuzungushiwa uzi mweupe kwa mkono. Alianza na miaka tisa, ubavuni mwa babake, kwenye daka la nyumba yao ya mtaa wa Mkomani, pale penye viti vya mawe mbele ya mlango. Kofia moja ilimchukua miezi miwili na nusu. Akiona tundu limekaa upande alifumua mstari mzima na kuanza upya, hata kama wa kuliona tundu hilo ni yeye na Mola wake tu. Tabia hiyo ndiyo iliyomrudisha kwao kutoka kwa mume. Mume alikuwa mtu mwema, lakini kila jambo kwake lilikuwa "inatosha," na Umulkheir hakujua namna ya kuishi na mtu anayetosheka upesi hivyo.

Kofia zake zilinunuliwa na Bwana Abdulwahid, mwenye duka kubwa karibu na ngome, ambaye alizitia katika mifuko iliyoandikwa jina lake na chini yake maneno "Mshonaji wa Lamu." Bwana Abdulwahid hakuwahi kutunga uzi kwenye sindano. Hata kifungo cha kanzu yake kikitoka, mkewe ndiye aliyekirudisha. Lakini jina lilikuwa lake, na mara moja Umulkheir alimsikia bwana harusi, aliyevaa kofia iliyomla Umulkheir Rajabu yote, Shaabani yote na nusu ya Ramadhani, akimshukuru Bwana Abdulwahid kwa kazi nzuri ya vidole vyake.

Ndiyo sababu ile karatasi ya ofisi ya chifu ilimnyima usingizi. Serikali ilikuwa imejenga jengo jipya karibu na gati, lenye vyumba vya maduka, na kila mtaa ungepata chumba kimoja, kipewe kikundi cha vijana kitakachoshinda. Umulkheir alikuwa na kikundi, wasichana kumi wa kushona, yeye akiwemo, na jina lao lilikuwa Tundu kwa Tundu. Alitaka chumba kile, na juu ya mlango wake jina lao wenyewe, wala hakuwa na muda wa kukisubiri mara ya pili. Mradi mwingine ukija, atakuwa keshakuwa mzee wa serikali.

Katibu wa kikundi alikuwa Asmaa, wa miaka ishirini na miwili, mwenye stashahada ya mambo ya hoteli na asiye na hoteli. Yeye ndiye aliyekwenda kwenye mkutano wa kuelezwa masharti, na alirudi na mashaka. Kila mtaa, alisema, lazima utoe vikundi viwili, vitembelewe siku moja na kulinganishwa. Mtaa wenye kikundi kimoja hauna ushindani, na usio na ushindani haupewi kitu. Tena afisa atahesabu watu, na wasipungue wanane. Fomu yenye masharti yote ilikuwa na kurasa saba, nayo ilitumwa kwa simu. Ukurasa wa sita ulikataa kufunguka. Asmaa aliwatuliza wenzake kwamba ukurasa wa sita bila shaka ni wa saini, kwa kuwa kurasa za nyuma za serikali siku zote ni za saini.

Mkomani palikuwa na kikundi cha pili, ila kilikuwapo kwenye cheti tu. Kiliitwa Mofa Moto, na kazi yake ilikuwa mikate ya mofa, ile ya mtama inayookwa kwenye tanuri ya udongo. Wanachama wanne walikuwa wameolewa na waume wasiopenda kusikia neno kikundi, watatu wako Mombasa, wawili wamekwenda Maskati kutafuta kazi. Aliyebaki ni mwenyekiti, Swafiya, peke yake na cheti cha usajili. Alikuwa amekitia fremu na kukitundika jikoni, na kwa moshi wa miaka miwili cheti kilikuwa kimeiva rangi ya chai.

Nyumba ya Swafiya ilikuwa nyuma ya nyumba ya kina Umulkheir, na milango yao ilitazama vichochoro viwili tofauti. Kwenda kwa mguu ilibidi kuzunguka msikiti. Lakini juu, ghorofani, nyumba hizo zilishikana kwa wikio, chumba chembamba kilichojengwa kama daraja kuvuka kichochoro, ambacho wanawake wa nyumba hizo wamekipitia tangu enzi za mabibi zao kwenda kuombana chumvi na kupelekeana umbea bila kutia mguu nje. Asmaa alilitazama wikio lile siku nzima. Jioni akasema alichokuwa akikiwaza: afisa akimaliza kuwaona kwa Umulkheir atashuka na kuzunguka msikiti, wao watapita juu, na atakapogonga kwa Swafiya atakuta kikundi cha mikate kimejaa watu.

Umulkheir alikataa. Alisema yeye hakuwahi kuuza tundu la uongo, sembuse mtu wa uongo.

"Da Umu, sikiliza," Asmaa akasema. "Hatudanganyi ili tupewe. Chumba tutakipata kwa kofia zetu za halali. Tunadanganya ili tupate wa kumshinda."

Maneno hayo yalikuwa na kasoro mahali fulani, na Umulkheir alitumia siku mbili kuitafuta. Siku ya tatu Bwana Abdulwahid alikuja kuchukua kofia, na katika mazungumzo akasimulia kwamba mgeni mmoja mkubwa kutoka Nairobi alikuwa amemuuliza ni nani anayeshona vitu kama hivi. Naye, alisema kwa furaha, hakujibu kwa maneno mengi. Aliinua mkono tu, akasema, "Mkono huu." Akauinua tena, ili Umulkheir auone.

Alipoondoka, Umulkheir alimwambia Asmaa amwambie Swafiya atafute kuni.

Swafiya alikubali kuwapa nyumba na tanuri, lakini aliposikia kwamba mikate yake inatakiwa kuwa mibaya alikasirika kama aliyetukaniwa mama. Asmaa alimweleza taratibu kwamba kikundi cha pili kipo ili kishindwe, na kitashindwaje na mikate kama ile? Walibishana mpaka magharibi. Mwishowe Swafiya aliahidi kuzidisha chumvi, chumvi tu na si zaidi, na Umulkheir ndiye atakayewaeleza majirani kwamba siku hiyo Swafiya alikuwa mgonjwa. Na kwa sababu sura zingetambulikana, Asmaa aliamua kwamba waokaji wote watavaa barakoa, zile zilizobaki sandukuni tangu wakati wa korona. Afisa akiuliza, ni kwa ajili ya usafi wa chakula.

Afisa mwenyewe aliitwa Jerioth, binti wa bara, hajafika thelathini, mwenye miezi mitatu Lamu na ambaye bado alipishana na punda kwa heshima kubwa kama anayepishana na wakwe. Alifika saa nne asubuhi. Akavua viatu kwenye daka, akaviweka pembeni mwa rundo la makubadhi na ndara za wanachama, akavuka rundo lile kwa hatua ndefu na kuingia. Aliwakuta kumi wameinamia kofia kwa adabu, kimya kama darasa la Kurani. Aliziangalia kofia moja moja akizielekeza dirishani, mwanga ukapita kwenye tundu na kumwangukia usoni, na kwa muda alisahau kompyuta yake ya mkononi ilikuwa wapi.

Kisha akaikumbuka, akauliza kila mshonaji hutoa kofia ngapi kwa mwezi.

Umulkheir alisema haifiki nusu. Jerioth alibonyeza, akabonyeza tena. Kompyuta ilikuwa haipokei vipande, ilitaka kitu kizima. Akaandika sifuri, akaomba radhi kwa sauti ya chini.

Sifuri ile ilimkaa Umulkheir kifuani wakati wa kushuka ngazi. Kumsindikiza mgeni mpaka kwa mshindani ilikuwa ni adabu, kwa hiyo alitoka naye, pamoja na Bi Esha, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa moja tu, kuchelewa. Bi Esha, aliyekwenda sokoni kila alfajiri mbio mbio kama mwenye deni, sasa aliugua goti hatua tano nje ya mlango.

"Polepole, mwanangu," alimwambia Jerioth akimwegemea. "Ndia hii ina mawe yenye hila."

Akasimama kumsalimu muuza maji, akamuuliza habari za mke, watoto, na jino la mtoto wa pili. Akasimama kumwonyesha Jerioth nyumba aliyozaliwa. Mbele kidogo akasimama kumwonyesha nyumba aliyozaliwa mtu mwingine. Kule ghorofani, juu ya vichwa vyao, Umulkheir alisikia miguu mingi laini ikipita mbio kwenye wikio, kisha kitu kama sinia kikaanguka. Bi Esha alikohoa muda mrefu na kwa ustadi.

Walipofika kwa Swafiya, harufu ya mofa iliwapokea mlangoni. Jerioth akainama kuvua viatu kwenye daka. Na hapo Umulkheir aliona.

Palikuwa na jozi moja tu, ndara za Swafiya za bluu, zimekaa katikati ya daka lililofagiliwa vizuri.

Tangu alipojua kutembea Umulkheir alikuwa amepita wikio lile peku, na kila mmoja wao hivyo hivyo. Viatu ni vya njiani. Anayepita wikio hajatoka nje, yumo nyumbani bado, na hakuna avaaye viatu nyumbani. Katika siku zote za kupanga uongo ule, za barakoa na chumvi na goti la Bi Esha, wanawake kumi na wawili walikaa wakafikiri na hakuna hata mmoja aliyefikiria miguu. Sasa makubadhi yao yote yalikuwa yamelala mbele ya nyumba nyingine, ng'ambo ya msikiti.

Jerioth aliweka viatu vyake kando ya zile ndara za bluu. Alivitazama kidogo, jozi mbili, kisha akaingia.

Ndani mlikuwa na watu tisa, barakoa usoni, wakikanda unga kwa bidii ya watu ambao hawajawahi kuukanda. Kwenye kiwiko cha mmoja wao uzi mweupe ulikuwa unaning'inia. Jerioth aliuliza maswali yake, akajibiwa na Swafiya. Alisifu zile barakoa, akasema katika visiwa vyote hajaona usafi kama huo, akatia alama zote za usafi. Umulkheir alihisi ngazi ikitoka chini ya miguu yake. Kisha Jerioth akapewa mkate. Akaula wote na kuomba wa pili, na Umulkheir akamgeukia Swafiya. Swafiya alikuwa akitazama dari.

"Mkono ulikataa," alinong'ona baadaye kidogo, Umulkheir aliposogea karibu. "Chumvi nilikuwa nimeishika, wallahi. Mkono ukakataa."

Hapo mambo yalikuwa wazi. Tundu kwa Tundu, yenye wasichana kumi na sifuri ya kazi, ilikuwa inashindwa na kikundi ambacho hakikuwapo. Chumba cha gatini kingepewa Swafiya na wanachama wake walioko Maskati.

Jerioth alipangusa vidole. "Bado swali moja," alisema. "Viatu vya wenzenu viko wapi?"

Unga uliacha kukandwa.

"Tumevivua kwa ajili ya usafi," ikasema barakoa moja, kwa sauti ya Asmaa.

"Mkaviweka wapi?"

"Mbali."

Umulkheir alijua kwamba Asmaa angeweza kuendelea hivyo mpaka adhuhuri. Alijua pia hisia iliyokuwa ikimpanda, maana aliipata kila alipoona tundu lililokaa upande katika kofia iliyokaribia kwisha. Ilikuwa inaumiza, na ilikuwa na dawa moja tu, nayo ni kufumua.

"Viko kwangu, Bi Jerioth," alisema. "Jozi kumi na moja pamoja na za akiba, zangu na za mama. Uliziruka wewe mwenyewe asubuhi. Hawa ni wale wale. Wamepita juu."

Akasema yote, wikio na chumvi na goti. Bi Esha, aliyekuwa kwenye mkeka, alilinyoosha goti hilo bila taabu, maana halikuwa na kazi tena.

Jerioth alikaa juu ya gunia la unga. "Zile za kwenu, moja ina kipepeo cha plastiki," alisema. "Tangu niingie hapa natafuta kipepeo." Msichana mmoja alificha miguu yake chini ya leso. "Kuna kijiji walinionyesha mbuzi mmoja katika nyumba tatu. Nyinyi angalau mmebadilisha kazi." Alikuwa akijizuia kucheka na hakufanikiwa sana. Kisha akauliza, kwa udadisi wa kweli, ni kwa nini wamejisumbua namna hii.

Asmaa alishusha barakoa, akamweleza sharti la watu wanane.

"Hamkusoma ukurasa wa sita?"

Walisema ukurasa wa sita ulikataa.

Jerioth aliutafuta kwenye kompyuta yake, akausoma kwa sauti. Watu wanane ni sharti la kikundi kitakachoshinda. Kinachoshindwa kinaweza kuwa na mtu mmoja, mradi kimesajiliwa na kimetembelewa.

Wasichana wakaanza kushusha barakoa, mmoja mmoja.

"Kwa hiyo," Swafiya alisema mwishowe, akiangalia sakafu yake, na kuta, na unga uliofika mpaka kwenye cheti, "ningeweza kushindwa peke yangu, kwa raha zangu, nyumba ikiwa safi."

Jerioth alifuta alama za usafi. Alisema kuna swali la uadilifu, na hawezi kuliruka. Umulkheir alimwambia aandike alichokiona. Jerioth aliandika muda mrefu, na alipoondoka alikwenda zake kwa kupitia wikio, kwa sababu alitaka kulijua, na ikabidi Asmaa azunguke msikiti peku kumletea viatu vyake.

Siku zikahesabika. Bi Esha alimkumbusha bintiye kila asubuhi umebaki ujana wa siku ngapi, kama anayemtangazia mwezi wa Ramadhani. Ilipobaki ishirini Umulkheir aliacha kwenda ofisi ya chifu kuuliza. Ilipobaki kumi alianza kofia mpya, akaishona vibaya, akafumua. Siku ya thelathini na nane barua ikaja.

Ilisema kwamba kikundi cha Tundu kwa Tundu kilidanganya kwa muda wa dakika ishirini, kisha kikasema kweli bila kulazimishwa, na kwamba kikundi cha Mofa Moto kina mwanachama mmoja anayefanya kazi ya watu tisa. Kwa kuwa kofia kwa mwezi ni sifuri, na duka haliwezi kukaa miezi miwili na nusu bila kitu cha kuuza, chumba wanapewa Tundu kwa Tundu kwa sharti la kumpokea Swafiya na mikate yake. Umulkheir aliisoma mara tatu akitafuta kasoro. Alibakiwa na ujana wa siku mbili. Ya kwanza aliitumia kugombana na Swafiya juu ya unga kukaa mbali na kofia, ya pili aliitumia juu ya ngazi, na brashi, akiandika jina la kikundi juu ya mlango. Alilifuta mara mbili kwa sababu herufi moja ilikaa upande.

Duka likafunguliwa, na wiki ya kwanza hakuna aliyeingia. Watu wa Lamu hawapendi kuwa wa kwanza. Asmaa alilifikiria jambo hilo, na asubuhi moja Umulkheir alipofika alikuta nje ya mlango rundo la makubadhi na ndara, jozi kumi na moja, zimetupwa tupwa kama za watu wenye haraka. Ndani alikuwamo Asmaa peke yake. Umulkheir alifungua mdomo kumkemea. Halafu aliangalia rundo lile, akaona kwamba ile ya kipepeo imefichwa nyuma isikoonekana, akaisogeza mbele.

Kabla ya adhuhuri mlango ulikuwa na watu. Kila aliyepita aliona viatu vile, akadhani huko ndani kuna jambo, akavua vyake. Akaingia kijana aliyekuwa aoe Ijumaa. Akaingia pia Bwana Abdulwahid, aliyesema anapita tu.

Kijana alichukua kofia, akaielekeza kwenye mwanga. Akauliza ni nani aliyeshona kitu kama hiki.

Bwana Abdulwahid, kwa mazoea, alikuwa keshaanza kuinua mkono. Ulifika usawa wa bega, kisha ukaona ulipo, ukaenda kukuna sikio.

"Mkono huu," alisema Umulkheir, akauinua wake.

Bwana Abdulwahid alinunua mkate mmoja, asionekane ametoka bure. Alikaa nje muda mrefu, ameinama, akivitafuta viatu vyake kati ya jozi kumi na moja zisizo na wenyewe.